Kofia ya Ziwani

Mwaka jana nilipata kazi ya kuandika kuhusu wavuvi wa Kalokol, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Malipo yalikuwa ya kawaida, yaani kidogo na ya kuchelewa, lakini nauli ililipwa mapema. Aliyenipa kazi alinipa ushauri mmoja: tafuta kofia, kwa boti hakuna kivuli.

Gikomba iko hapo chini ya nyumbani, kwa hivyo nikashuka asubuhi wakati marobota yanafunguliwa. Muuzaji alinitolea tatu: mavin ya sufu, ya besiboli nyeusi, na moja pana ya khaki yenye kamba ya kufunga kidevuni. Nyeusi ilikuwa kali kuliko zote. Nikaijaribu, nikajiangalia kwa kioo chake kilichopasuka, nikairudisha.

"Boss, hiyo imekutoa poa!" akalalamika.

Ilikuwa imenitoa poa, ndiyo. Shida ni mahali ninapoishi. Ukilelewa Pumwani, kuna mambo unajifunza kabla ya hesabu. Usivute kofia ikafunika macho. Subaru ikipita polepole, toa mikono mfukoni. Usikimbie, hata kama unachelewa.

Kuna kijana tulisoma naye primary. Jioni moja alipigwa risasi hatua chache kutoka kwao. Kofia nyeusi ilibaki barabarani, na kufika asubuhi ikasemekana alipatikana na mguu wa kuku. Mamake anasema hiyo bastola hajawahi kuiona. Kofia ndiyo anaijua. Ni yeye aliyemnunulia.

Kwa hivyo kwetu bunduki ina watu wawili, karao na mwizi, na ukikutana na yeyote kati yao usiku, hujui ni yupi afadhali. Sheria ya Silaha inamruhusu raia kuwa na bunduki akipata leseni, lakini wenye hizo leseni ni watu wa mitaa yenye mageti. Mtaani kwetu huioni bunduki. Unaisikia tu.

Nikanunua ile ya khaki.

Mathe alipoiona hakusema neno juu yake. Alisema, "Huko unakoenda wanatembea na bunduki mchana."

Ni kweli. Basi lilitoka Kitale, likateremka milima, likapita Kainuk, na hapo nikaanza kuwaona wachungaji wenye AK begani. Wa kwanza kumwona kwa karibu alikuwa amesimama kando ya duka tuliposhuka kunywa chai. Alikuwa na shuka, kikofia kidogo chenye manyoya ya mbuni, bunduki begani, na mtoto wa kike amemshika kidole. Mwili wangu ulijibu kabla yangu: nikainamisha kichwa, nikatoa mikono mfukoni.

"Ejok," akanisalimia. Mtoto akanicheka.

Watu wengine hata hawakugeuka. Mwenye duka alimpimia sukari akampa chenji.

Pale Kalokol, mwenye boti, mzee wa miaka kama sitini, alinieleza bila kunionea haya. Bunduki zilikuwepo tangu zamani, ila Idi Amin alipoanguka mwaka 1979 ghala la silaha la Moroto, Uganda, liliporwa, na kutoka hapo zikasambaa Karamoja, Pokot na Turkana. Siku hizi wengine ni polisi wa akiba waliopewa silaha na serikali. Wengine hawana karatasi yoyote.

"Polisi wako mbali," akasema. "Mbuzi wako karibu."

Tulipoingia ziwani upepo ulianza kazi yake. Ule ukanda una upepo hadi ng'ambo ya pili, karibu na Loiyangalani, wamesimamisha mitambo 365 ya kufua umeme. Kofia iliruka, ikaning'inia shingoni kwa kamba. Mzee akaacha usukani kwa kijana wake, akanifunga fundo lingine chini ya kidevu kama ananivisha shule. Kisha akaniuliza, "Kwenu Nairobi, nani anawalinda?"

"Polisi."

"Na nani anawapiga risasi?"

Nikanyamaza. Akaangalia maji kidogo, labda aliona swali lake limeingia mahali pabaya.

Nami nikamuuliza kama bunduki imewasaidia. Akaniambia kuhusu mtoto wa dadake aliyeuawa akichunga. Je, alikuwa na silaha? Alikuwa nayo. "Waliichukua, ikaenda na ng'ombe." Huko kaskazini, Todonyang, karibu na mpaka wa Ethiopia, wavuvi waliuawa Februari 2025. Hata wavu sasa unahitaji mlinzi. Lakini ukimwambia aitupe bunduki, atakuuliza nani ataitupa wa kwanza.

Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba wao wameizoea bunduki na sisi tunaiogopa. Nikaifuta hiyo sentensi. Yule mzee anaiogopa pia. Tofauti ni kwamba yeye anajua imetundikwa wapi.

Nilirudi Nairobi usiku. Nikashuka Machakos, nikaanza kutembea kwenda nyumbani, kofia bado kichwani. Karibu na Gikomba taa za gari zikanijia polepole kutoka nyuma. Sikugeuka. Nilifungua lile fundo, nikavua kofia, nikaishika mbele ya kifua kwa mikono miwili ili mikono ionekane. Gari likapita. Lilikuwa limebeba nyanya.

Mathe alifungua mlango, akaniangalia kutoka juu hadi chini kwanza. Halafu akaichukua kofia, akaikung'uta vumbi, akaitundika kwa msumari wa mlangoni.

"Hii uwe unavaa," akasema. "Mtu akikuona nayo anajua huna neno."

Nikamwambia sawa. Sikumwambia kwamba pale Gikomba, mbele ya kile kioo, ndivyo nilivyoichagua.