Mtori Nilioumwaga Horombo

Nilimdanganya kiongozi wa msafara wetu kwenye Mlima Kilimanjaro, na hasara ikamwangukia mdogo wangu.

Tulipanda kwa njia ya Marangu, ile ambayo watu hulala kwenye vibanda badala ya mahema. Nia yangu ilikuwa alfajiri ya tarehe 9 Desemba inikute kwenye kilele cha Uhuru, pale ambapo Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961. Nilikuwa nimekwisha kutangaza kazini na ukoo mzima unajua. Mdogo wangu wa kike, aliyejinyima muda mrefu ili apate nauli na ada za hifadhi, hakujali tarehe. Alitaka kufika tu.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Marangu aliyeanza kazi akiwa mgumu, maana ndivyo wapagazi wa mlima ule wanavyoitwa. Tukiwa getini alitushauri tuongeze siku moja kwenye vibanda vya Horombo, mwili uzoee. Nilikataa. Siku hiyo ingetufikisha kileleni tarehe 10. Akakubali kwa sharti moja, kwamba akituuliza hali zetu tumwambie kweli.

Alijua anachosema. Ukishavuka mita 3,000, madaktari wanashauri mahali unapolala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Horombo iko kwenye mita 3,720 hivi, na Kibo, tulikotakiwa kulala kesho yake, iko kama mita 1,000 juu zaidi. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ufukweni Kigamboni. Ujana haukuepushi na hilo, wala mazoezi.

Jioni tulipofika Horombo kichwa kilianza kunigonga nyuma ya macho. Mpishi akaleta mtori wa moto, wenye vipande vya nyama, na harufu yake ikanichafua roho. Nilishaona kwamba mzee huyu hutazama mabakuli kuliko nyuso, kwa sababu mtu anayeanza kuzidiwa na mlima hupoteza mapema hamu ya kula. Nikasingizia kwenda chooni na bakuli mkononi, nikaumwaga mtori nyuma ya kibanda, nikapitisha kidole ukingoni ili bakuli lionekane limelambwa.

“Kichwa je, kijana wangu?”

“Safi kabisa, mzee.”

Kesho yake nilivuka uwanda ule mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo kwa dawa za maumivu nilizozimeza kwa siri. Tukaanza kupanda kutoka vibanda vya Kibo karibu saa sita usiku. Tulipofika pango la Hans Meyer nilikuwa nimekwisha kutapika, na taa yangu ya kichwani ilionyesha buti zangu zikienda upande nisioutaka. Mzee akasimamisha msafara. Akachora mstari mchangani kwa fimbo, akaniambia niufuate, kisigino kiguse kidole. Hatua ya pili nilianguka.

“Kichwa kimeanza kuuma lini?”

“Horombo.”

Mzee hakusema kitu. Aliyesema ni mdogo wangu: “Lakini mtori ulimaliza. Bakuli niliondoa mimi mwenyewe.”

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mpaka dakika ile nilijihesabu mtu jasiri anayevumilia maumivu yake mwenyewe, yasiyomhusu mwingine. Kumbe lile bakuli lilikuwa limewapa wenzangu habari ya uongo, na wote walikuwa wamepanga usiku wao juu yake. Nilitaka kumjibu. Sikupata la kusema.

Ubongo ukianza kuvimba kwa kukosa hewa, tiba ya kwanza ni kushuka, tena mara moja. Mzee alimpa mdogo wangu msaidizi wake ili waendelee kupanda. Mdogo wangu alikuwa na nguvu, hatua zake zilikuwa za polepole kama alivyofundishwa. Akakataa. Hakuweza kupanda huku kaka yake anashushwa vile. Pale Kibo wagumu waliamshwa usingizini wanisukume kwenye machela ya gurudumu moja hadi Horombo. Ni hao hao waliokuwa wamebeba maji mchana kutwa, kwa kuwa Kibo hakuna maji.

Nilipopata nafuu nilimwomba mzee radhi. Alipokea, kisha akasema: “Ungeniambia Horombo, tungelala siku moja zaidi. Huenda wote mngefika.”

Sentensi hiyo bado inaniuma. Imenifanya nitazame pia maisha yangu ya huku tambarare, nikakuta tabia ile ile: homa naificha mpaka nianguke, deni nalinyamazia mpaka mdai agonge mlango wa mama. Sasa ninasema mapema. Bado ninaona aibu, lakini ninasema. Mdogo wangu alinisamehe zamani. Tangu wakati ule amepata watoto wawili, na hajapata tena nafasi wala fedha ya kurudi mlimani.

Wewe unayejiandaa kupanda Desemba hii, lipia siku ya ziada Horombo tangu mwanzo, hata kama itakukosesha tarehe 9. Na kichwa kikianza kuuma, mwambie kiongozi wako jioni hiyo hiyo.