Matundu ya Misumari

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilitukuta Qurus, Karatu, chini ya paa lililoezekwa kwa pupa. Vuli ya Karatu ni ya kubahatisha. Hunyesha siku chache, ikakata, mkulima akabaki anatazama mawingu upande wa Oldeani. Mwaka ule ilianza na haikujua kuacha. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia, nasi ndani tunapanga sufuria na mabeseni, kitanda cha bibi kikihamishwa usiku kama mbuzi anayetafutiwa malisho.

Bati lenyewe halikuwa bovu. Baba alilinunua mwaka 1986. Kabla ya hapo bati lilikuwa kitu cha kibali, na msako wa wahujumu uchumi wa 1983 uliwatia hofu hata wenye pesa zao halali. Ruksa ya Rais Mwinyi ilipojaza maduka, kila mtu alitaka kuezeka kabla mambo hayajageuka tena. Kwetu ilitumika misumari ya kawaida, isiyo na kofia, ikapigiliwa bondeni mwa mawimbi ya bati. Bondeni nyundo ni rahisi, maana bati limelalia papi. Lakini huko huko ndiko maji yanakopita.

Bibi hakuficha dharau. Yeye alikulia kwenye tembe upande wa Mbulu, nyumba iliyochimbiwa kwenye mteremko, paa lake udongo juu ya miti. Tembe nalo lilivuja, alikiri, ila kila mwaka kabla ya masika watu walipanda wakaliongezea udongo. "Ninyi mmeezeka mkasahau," alimwambia baba, na baba hakujibu.

Mvua ilipopumua kidogo, alikuja mzee mmoja fundi aliyejifunzia kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, yale yaliyofunguliwa na walowezi wa Kijerumani. Nilimshikia ngazi. Aling'oa misumari ya bondeni, akaziba matundu kwa viraka vya gunia vilivyolowekwa lami ya moto, kisha akapigilia upya mgongoni mwa wimbi. Washa za mpira za misumari hazikupatikana. Barabara ya Makuyuni ilikuwa bado ya udongo na magari ya Arusha yalikuwa yamekwama. Akaomba malapa yaliyochakaa, akayakata viduara, kila msumari ukapata chake.

Palipobaki pabaya ni pale bati la jiko lilipokutana na ukuta wa nyumba kubwa. Kwa Wazungu, alisema, pembeni mwa bomba la moshi aliwahi kuona shiti ya risasi, laini, inayokunjwa kwa ubao wa mkononi hadi ikafuata kila wimbi. Sisi risasi hiyo tungeitoa wapi? Alichonga mfereji mwembamba ukutani, akachomeka ukingo wa bati bapa, akalikunja lishukie juu ya mawimbi, akaziba kwa saruji. Nilidhani ni urembo. Mvua iliyofuata ukuta ulikaa mkavu.

Mama alitaka kitu kimoja zaidi: maji. Kisima kilikuwa mbali, na hapa maji yalikuwa yanamwagika bure uani. Fundi akakunja mabati bapa kuwa mfereji, akautundika kwa waya ukiwa umeinama kidogo kuelekea pipa, na viungo akavitia lehemu. Risasi ya lehemu ile ilitoka kwenye betri kuukuu ya gari, ikayeyushwa kwenye kopo juu ya mkaa, sisi watoto tumeinama kutazama inavyong'aa. Tulikunywa maji ya pipa lile miaka mingi. Siku hizi inajulikana kwamba risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na moshi wake vilevile. Wakati ule kilichotushughulisha ni mdogo wetu asitumbukie pipani. Mama alikuwa na sharti moja tu, la uchafu wa ndege: mvua ya kwanza ya msimu ilimwagwa yote, hata kama ndoo za ndani zilikuwa tupu.