Uswezi na Vikundi vya Tiba Unyamwezini

Kusita kuingia katika tiba ya kikundi ni jambo la zamani Unyamwezini. Vijana wa Tabora wanaodhani tiba hiyo imeletwa na semina za hospitali hawajasimuliwa habari za Uswezi, chama cha tiba cha Wanyamwezi.

Mtu akiandamwa na maradhi yasiyokwisha, ndugu zake walimpeleka kwa mfumu, yaani mganga mpiga ramli. Mfumu alipasua kuku, akamkagua ndani, na pengine akatamka kwamba mgonjwa anatakiwa na Lyangombe na mizimu wenzake. Dawa ilikuwa kujiunga na Waswezi, wanachama wa Uswezi. Hapo ndipo miguu ilipokuwa mizito: ada ilidaiwa, mbuzi walitakiwa, pombe ilipikwa, ukoo mzima ukachangishwa, na ya ndani hayakusemwa nje. Aliyepona naye hakuachwa akapumzika. Alitarajiwa kupanda daraja hadi awaongoze wagonjwa wapya, na kila daraja lilikuwa na malipo yake. Asiye na mali alibaki chini. Hata hivyo chama kilikuwa na jambo ambalo vikundi vya leo vimelipoteza: kiongozi mwenyewe aliwahi kuletwa pale akiwa mgonjwa. Siri yake na ya mgeni zilikuwa mfuko mmoja.

Baadaye masheikh na mapadri walizikataza ngoma za Waswezi. Waliozihitaji wakaziendea kwa kificho. Serikali nayo ilifungua hospitali ya Mirembe, Dodoma, na mgonjwa wa akili akaanza kutibiwa mbali na kwao.

Kisha ukaja UKIMWI, na vikundi vya WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Huko anayesita ana sababu: jirani yumo kikaoni, na hakuna kiapo kinachomfunga mdomo. Muuguzi naye, aliyeongezewa kikundi juu ya foleni yake, hukaa na daftari akiuliza ya wenzake bila kugusa ya kwake. Akikwepa kuongoza, lawama si yake peke yake.

Njia ya kale, ya kuongozwa na mwenzako, ilionekana tena magharibi zaidi, upande wa Ujiji. Katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mradi wa Nguvu uliwakusanya wanawake wa Kikongo waliopigwa na waume zao kwa vikao vinane, na walioviongoza walikuwa wakimbizi wenzao.