Mchungaji Kijiweni

Nabii Zekaria anapoueleza mji wa Yerusalemu utakavyokuwa Bwana atakaporudi kukaa kati ya watu wake, anataja jambo ambalo mahubiri yetu hulipita haraka. Katika sura ya nane anawaonyesha vikongwe wameketi njiani na mikongojo yao, na watoto wakicheza karibu nao. Nilisoma sura hiyo miaka mingi, hata chuoni, bila kusimama hapo. Nimesimama hapo tangu nilipokaa kwa mara ya kwanza kucheza bao, hapa Lalago.

Kijiwe chenyewe kipo chini ya mwarobaini, karibu na barabara iendayo Meatu. Pamba ikishauzwa na kazi za shamba zikapungua, utawakuta wazee hapo kuanzia saa tisa alasiri. Wana daftari la wanachama na mchango wa mwezi, na mwenzao akifiwa fedha hutoka siku hiyo hiyo. (Ningependa mifuko yetu ya usharika iwe na mwendo huo.) Wasukuma wana bao lao, isolo, lakini hapa wanacheza bao la kiswahili, kwa kuwa mwenye bao alifanya kazi miaka mingi Tanga na akarudi nalo.

Wengi wao hawaji kanisani. Mzee mmoja wa kanisa aliposikia nimekwenda huko hakupendezwa. "Mchungaji, watu watasema umekosa kazi." Hoja yake si ya kupuuzwa. Baba yangu, aliyekuwa mwinjilisti, hakuruhusu bao nyumbani kwetu. Alisema umbea na uvivu huzaliwa hapo, na kwingine watu huweka fedha. Hapa hawaweki, niliuliza kabla ya kukaa. Na kuhusu uvivu, Mwalimu Nyerere alipenda bao, wala sijasikia mtu akimwita mvivu.

"Mwadila," niliwaamkia. Wakaitikia wote, hakuna aliyeinuka. Nikienda nyumba kwa nyumba kiti kizuri hufutwa vumbi na redio huzimwa. Kijiweni nilisogezewa kigoda, nikaambiwa ningoje zamu.

Zamu ilipofika, mwenye bao, mzee wa miaka sabini na ushee, aliamua nianze na bao la kujifunza, wanaloanzia watoto: kete mbili mbili katika mashimo yote 32. Unachota kete za shimo moja, unazipanda moja moja. Ya mwisho ikiangukia penye kete katika safu yako ya mbele, na shimo la mwenzako linalolikabili lina kete, unakula. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Nililala mara nyingi. Mtoto wa darasa la sita aliyesimama nyuma yangu aliona kila mtaji kabla yangu, akawa anaguna. Haukupita muda safu yangu ya mbele ikabaki tupu, na kwa sheria ya bao hapo umefungwa.

Tulicheza mara tatu. Katika mchezo wa tatu mzee akaanza kuzungumza, macho yakiwa kwenye mashimo. Alisema amebatizwa na amepata kipaimara. Mwanawe alipofariki, viongozi wa usharika aliokuwa akisali wakati huo, mbali na hapa, walifungua kwanza kitabu cha ahadi. Kulikuwa na deni. Kijana akazikwa na majirani, bila ibada. Hakulisema kwa hasira. Alikula kete zangu nne, akazipanda upande wake.

"Unaona, Mchungaji, bao halitupi kete. Inayoliwa huko inapandwa huku. Tunaanza na 64, tunamaliza na 64." Kisha akasema, "Cheza."

Nikacheza. Chuoni tulifundishwa kuketi mkabala na mwenye huzuni na kumtazama usoni tukimsikiliza. Ni fundisho jema, ila yapo maneno yasiyotoka mpaka macho yapate kazi nyingine. Mzee huyu asingeniambia haya sebuleni kwake. Kwanza asingenikaribisha sebuleni.

Katika kikao cha wazee wa kanisa niliulizwa nimewaleta wangapi. Ni swali la haki. Tunahesabu watu kila Jumapili. Nikajibu, hakuna hata mmoja. Mwingine akataja Zakayo, kwamba Bwana alipoingia kwake toba ilionekana. Ni kweli, lakini tuusome mfuatano wa Luka 19: Bwana alijialika kwanza, kabla Zakayo hajaahidi kurudisha hata senti. Walionung'unika nao hawakungoja kuona matokeo. Siendi kijiweni kuvua watu kwa siri huku nikijifanya nacheza. Wale ni wachezaji wa bao. Hila hiyo wangeiona ikiwa bado mkononi.

Lenye kupaswa kusemwa nilisema wazi. Wiki iliyofuata nilimwomba yule mzee radhi kwa niaba ya Kanisa, nikamwuliza kama angependa tusafiri pamoja nikafanye ibada kaburini kwa mwanawe. Alinyamaza muda mrefu. Akasema hilo si lake peke yake, atazungumza na mama wa marehemu.

Wiki tatu zimepita. Alhamisi iliyopita nilikwenda tena, na hakuligusia. Alipanga bao, safari hii lile la wakubwa, lenye nyumba, akanihesabia kete 22 za mkononi, akaniambia nianze mimi.