Simba, Songo na pesa za wakala

Mwezi huu tunazungumza mpira, maana kuna jambo limeingia kambini na linagusa mifuko ya wazee.

Sisi watu wa Palma na huku kaskazini tuna ligi mbili. Moja ni Moçambola, ligi kuu ya nchi yetu. Ya pili ni ya jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma, kwa kuwa lugha tunaelewana. Ndiyo maana nyumba moja utakuta baba ni Simba, mjomba ni Yanga, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika Dar es Salaam.

Agosti 2019 ligi hizo mbili zikagongana. União Desportiva do Songo, ya mkoa wa Tete, ilipangwa na Simba katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Beira wakatoka 0-0, Dar es Salaam 1-1, Songo ikapita kwa bao la ugenini. Mfungaji: Luís Miquissone. Jamani, siku ile mashabiki wa Simba wa huku hawakujua wacheke au walie! Januari 2020 Simba ikamsajili huyo huyo aliyewatoa, ugomvi ukaisha. Tarehe 23 Februari 2021 akawafunga Al Ahly ya Misri, mabingwa wa Afrika, 1-0 pale pale Dar. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 24 Machi, Palma ikashambuliwa, tukatawanyika. Agosti mwaka ule ule Al Ahly wakamchukua.

Sasa tazameni njia yake. Aliwafunga Simba mbele ya macho yao, ndipo wakamsajili. Ligi ya kulipwa ni kazi kama kazi nyingine: klabu inapata viingilio, wadhamini na pesa za televisheni, mchezaji anapewa mkataba na mshahara. Pesa inatoka kwa klabu kwenda kwa mchezaji, si kinyume chake.

Lakini hapa amepita mtu anajiita wakala, anadai pesa za fomu, eti atawapeleka vijana kwenye majaribio Tanzania. Mama mmoja ameshauza mbuzi wake wawili. Mwanawe ana miaka 15! Sheria ya FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi wenyewe kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Muulizeni: klabu gani? Barua yao iko wapi? Akinuna, basi.

Hatuwavunji moyo vijana. Awer Mabil alizaliwa mwaka 1995 kambini Kakuma, Kenya, kwa wazazi waliokimbia vita Sudan. Familia ilipohamishiwa Australia alikuwa na miaka kama 10. Mwaka 2022 akaenda Kombe la Dunia Qatar na timu ya Australia. Na hapa kwetu, mwaka 2023 Baía de Pemba ilicheza Moçambola. Pemba si mbali.

Mazoezi ni kila jioni nyuma ya kisima. Mpira uliobaki ni mmoja na umeanza kufumuka. Mwenye sindano ya kushonea viatu amwone kocha.