Mpira Usioingia

Mchezo wa mpira wa kikapu una jambo moja linalowashangaza wanaoutazama kwa mara ya kwanza: hata mabingwa hukosa, tena hukosa sana. Mpiga penalti wa kandanda akikosa, watu hushika vichwa. Lakini mchezaji wa kikapu anayefunga nusu ya mitupo yake husifiwa kuwa hodari, na anayefunga theluthi moja kutoka mbali huendelea kupewa mpira. Basi, ikiwa kukosa ni jambo la kila siku, timu yaweza kukosa kwa kiasi gani na bado ikashinda? Je, yaweza kushinda huku watupaji wake wakuu ni watu wa shabaha hafifu?

Kwangu mimi hili si swali la barazani tu. Kwa miaka mingi nimefundisha hisabati asubuhi, na jioni nimekuwa nikiwanoa vijana wa mtaani kwetu, hapa Tanga, katika uwanja wa saruji ulio wazi, wenye ringi zisizo na nyavu na upepo wa baharini usiomhurumia mtu. Msaidizi wangu ni kijana aliyesoma takwimu chuoni. Tulipokuwa tukichagua wachezaji kumi na wawili wa mashindano ya mkoa, alinijia na daftari lake, akaniamkia kwa adabu zake zote, kisha akasema, “Mwalimu, huyu Namba Nane anatumaliza.” Akanionyesha. Namba Nane alikuwa ndiye anayetupa mara nyingi kuliko wenzake wote, na ndiye anayekosa kuliko wote. Pendekezo likawa aachwe.

Ingekuwa ni kuachwa tu, nisingekosa usingizi. Lakini mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini huwalipia ada ya chuo cha ufundi wale kumi na wawili wanaoandikishwa, na hao tu. Kijana yule yuko mwaka wa pili katika fani ya umeme. Baba yake hayupo, na mama yake huuza samaki wa kukaanga. Kumtoa kwenye orodha kulikuwa na maana ya kumtoa darasani. Wala nisingeweza kumbakiza kwa huruma, maana kulikuwa na wa kumi na tatu naye, mwenye mama yake pia. Ilinibidi nijue kama kweli anatumaliza.

Nimtendee haki msaidizi wangu: hesabu anayoitegemea ni hesabu sahihi. Mtupo wa pointi mbili unaoingia mara 45 katika 100 huleta pointi 90. Mtupo wa pointi tatu unaoingia mara 35 tu katika 100 huleta pointi 105. Mstari wa pointi tatu ulianza kutumika katika ligi ya NBA ya Marekani msimu wa 1979-80, lakini iliwachukua makocha miaka mingi kuielewa vyema hesabu hiyo ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeifanya kwa dakika moja. Leo wameielewa, na mitupo ya pointi mbili kutoka umbali wa kati imepungua sana. Mmarekani Dean Oliver, mmoja wa waasisi wa takwimu za mchezo huu, alitaja mambo manne yanayoamua mshindi: ubora wa mitupo, kutopoteza mpira, kuudaka mpira unaorudi kutoka ubaoni (vijana huuita ribaundi), na mitupo huru. Ubora wa mitupo aliupa uzito wa 40 katika 100. Ni mkubwa kuliko mwingine wowote. Hata hivyo, mwalimu wa hisabati hawezi kuiona 40 bila kuiuliza 60 iko wapi.

Mchezo ulionionyesha hiyo 60 ni wa saba wa fainali ya mwaka 2010, kati ya Los Angeles Lakers na Boston Celtics. Ulichezwa Los Angeles usiku wa tarehe 17 Juni. Huku kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri ya tarehe 18, nami niliutazama kwa jirani mwenye dishi, tukifukuza mbu kwa magazeti ya jana. Kobe Bryant, ambaye mwaka ule hapakuwa na wengi wa kumlinganisha naye, alitupa mara 24 na kufunga mara 6. Mitupo yake ya pointi tatu haikuingia hata mmoja. Jirani yangu, aliyeanza usiku akiwa shabiki wa Lakers, kufika robo ya tatu alikuwa akimtukana Kobe kama mtu anayemdai fedha.

Zitazame hesabu za timu zote mbili. Lakers walitupa mara 83 wakafunga 27, yaani chini ya theluthi moja. Celtics walitupa mara 71 wakafunga 29. Ukimpa mtu takwimu hizo peke yake umwulize nani bingwa, atakujibu Boston bila kusita. Lakini Lakers walishinda kwa 83 dhidi ya 79.

Walishindaje? Jibu limo katika tofauti ya ile 83 na 71. Lakers walipata mitupo 12 zaidi, na aghalabu waliipata kutokana na kukosa kwao wenyewe: mara 23 waliudaka tena mpira walioukosa, wakati Celtics walifanya hivyo mara 8 tu. Juu ya hayo walipewa mitupo huru 37 dhidi ya 17. Pau Gasol alidaka ribaundi 18. Na huyo Kobe aliyekuwa akitukanwa alidaka 15, ingawa alicheza nafasi ya nyuma. Haki inanidai niongeze kwamba Celtics walimkosa Kendrick Perkins, jabali lao la chini ya kikapu, aliyeumia goti katika mchezo wa sita. Angekuwepo, pengine mpira ule uliokosa ungeangukia mikono mingine, na usiku wa Kobe ungesimuliwa kwa namna nyingine kabisa.

Kwa hiyo mtupo uliokosa haujafa. Ni mpira ulio hewani, unagombewa. Timu yenye watu wa kuugombea yaweza kuvumilia watupaji hafifu, na timu isiyo nao haiwezi. Lakini mtu aweza kuniambia kwamba mchezo mmoja ni bahati. Basi na tuuchukue msimu mzima.

Msimu wa 2000-01, Philadelphia 76ers walikuwa na Allen Iverson, mtu mfupi kuliko karibu kila aliyemkabili. Alitupa zaidi ya mara 25 kwa kila mchezo na kufunga 42 katika kila 100, chini ya wastani wa ligi. Msaidizi wangu angemweka benchi. Mwaka ule Iverson ndiye aliyeongoza ligi kwa wastani wa pointi 31.1, akachaguliwa kuwa mchezaji bora, na timu yake ikashinda michezo 56 kati ya 82. Kocha Larry Brown alikuwa amemzungushia watu ambao karibu hakuna aliyetaka kutupa: walikaba, walikimbia, walidaka. Mwezi Februari 2001 wakamleta Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa, aliyekuwa akiongoza ligi nzima kwa ribaundi na ambaye msimu ule alitwaa tuzo ya mlinzi bora. Sisi tulioipenda timu ile huku Afrika Mashariki tuliipenda nusu kwa ajili ya Iverson na nusu kwa ajili ya Mutombo akitikisa kidole baada ya kuzuia mtupo. (Alifariki Septemba 2024, nami niliposikia nilimkumbuka kwanza kwa kile kidole, kisha kwa hospitali aliyoijenga Kinshasa na kuipa jina la mama yake.)

Katika mchezo wa kwanza wa fainali, tarehe 6 Juni 2001, Iverson alitupa mara 41, akafunga mara 18, akatoka na pointi 48, na Lakers waliokuwa hawajafungwa hata mara moja katika mchujo ule wakafungwa nyumbani kwao. Kisha Lakers wakashinda michezo minne mfululizo. Hilo nalo ni jibu, na sipendi kulificha. Timu ya namna ile hushinda kwa jasho, na jasho lina kiasi chake. Inapokutana na timu inayodaka na kukaba sawa nayo, na juu ya hayo ina shabaha, hesabu hurudi kudai chake.

Larry Brown huyo huyo alitwaa ubingwa mwaka 2004 akiwa na Detroit Pistons. Mchezaji bora wa fainali ile, Chauncey Billups, alikuwa amefunga chini ya 40 katika 100 msimu mzima. Safari hii ulinzi ulitosha: katika mchezo wa tatu Lakers, pamoja na Shaquille O'Neal na Kobe wao, waliachwa na pointi 68 tu.

Na upande wa pili wa shilingi? Houston Rockets wa 2017-18 ndio walioifuata hesabu ya msaidizi wangu kuliko wote, wakashinda michezo 65. Tarehe 28 Mei 2018, katika mchezo wa saba dhidi ya Golden State Warriors, walikwenda mapumziko wakiongoza. Lakini katika mchezo huo walikosa mitupo ya pointi tatu 27 mfululizo, wakatolewa. Sisemi hesabu yao ilikuwa mbovu. Ndiyo iliyowafikisha pale. Nasema tu kwamba hata mwenye shabaha hufikiwa na usiku wa kukosa, na usiku huo ataulizwa ana nini kingine.

Nikamrudia msaidizi wangu. Sikubishana naye juu ya asilimia. Nilimwomba aongeze safu mbili katika daftari lake kwa wiki tatu: sekunde zilizobaki Namba Nane alipotupa, na mikono iliyoupata mpira baada ya kukosa. Timu ina sekunde 24 za kutupa, na uwanjani kwetu hakuna saa ya ukutani. Mtunza saa huhesabu kwa sauti. Vijana wakisikia “tano, nne”, nimewaona kwa macho yangu wakiutema mpira kama kaa la moto, na anayepokea kila mara ni yule yule. Mtupo wa sekunde ya mwisho, mbele ya watu wawili wanaokukaba, hauingii kirahisi kwa yeyote. Anayeukubali hujichafulia asilimia yake, na wale wanne waliomtupia mpira hubaki na asilimia safi. Daftari la awali halikuwa na mahali pa kuandika hilo.

Wiki tatu zilipokwisha, safu ya kwanza ilionyesha hivyo hasa: sehemu kubwa ya kukosa kwake ilikuwa ya sekunde za mwisho. Ya pili ilionyesha kwamba kijana wetu mrefu hudaka mara nyingi mipira anayoikosa Namba Nane, kwa kuwa anayepaswa kumkaba yeye huwa amekimbilia kwa Namba Nane. Lakini ilionyesha jambo jingine pia. Alikuwa na mitupo ya mapema, ya mbali, wakati mwenzake amesimama peke yake chini ya kikapu. Mpira uliokosa kutoka mbali hudunda mbali, na hapo wapinzani walikuwa wakitukimbilia golini kabla hatujageuka. Mitupo hiyo ndiyo iliyokuwa ikitumaliza, na juu ya hiyo msaidizi wangu alikuwa na haki kabisa.

Nikamwita kijana, tukakaa kwenye ukuta wa uwanja. Nikamwambia mipira ya sekunde za mwisho ni yake, aitupe bila kuniangalia usoni, iingie isiingie. Ile ya mapema, akiona mtu yuko peke yake, ampe. Akiitupa, nitamtoa papo hapo. Akaniuliza, “Na yule wa kumi na tatu, mwalimu?” Sikujua kwamba alikuwa akilifahamu hilo. Nikamjibu kwamba lile ni langu.

Jina lake likaandikwa. Wa kumi na tatu nilimpeleka mwenyewe kwa yule mfanyabiashara, tukaongea muda mrefu. Alikubali kulipa nusu ya ada, na nusu nyingine bado tunaichangia sisi walimu wawili na mwenye dishi. Msaidizi wangu sasa ana daftari jipya, lenye safu saba.