Mwenzetu wa New York

Hapa hosteli tulishangilia sana Zohran Mamdani alipochaguliwa meya wa New York, Novemba 2025. Mwenzetu! Kazaliwa Kampala 1991, kafika Marekani ana miaka 7. Baba yake, Profesa Mahmood, alifukuzwa na Amin 1972 pamoja na Waasia wenzake, na 1973 akaja kufundisha hapahapa Mlimani.

Sasa jamani, kwetu Chumbi Mhindi ni Mhindi tu, hata kama babu yake kazaliwa Rufiji. Nyumba zilipotaifishwa 1971 wengi wakahamia Kanada. Ina maana mpaka avuke bahari ndo awe mwenzetu? Na Amir Jamal je, waziri wa fedha wa Nyerere tangu 1965? Nikienda mazoezi ya kufundisha, somo la kwanza naanza na huyo.